Kibuyu cha Mama Rebeccah

Laini ya Tatu, Kericho
14 Februari 1971

Dada yangu Nyambeki,

Nakusalimu wewe, namsalimu mama, na kama yule jogoo wako wa jicho moja bado anatembea, naye msalimie. Sisi huku tunapumua. Kifua cha mke wangu Bitutu kimepoa tangu alipoacha kuchuma chai kwenye umande wa alfajiri. Binti yetu Marcella ameanza shule na sasa anasoma kila kitu kwa sauti, hata karatasi ya sabuni. Mimi bado niko kwenye kisu cha kupogoa. Mnyapara anasema napogoa kama mtu anayenyoa maiti, polepole na kwa heshima. Sijui kama ni sifa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Jumapili iliyopita tulitembelewa na Mchungaji Momanyi kutoka makao makuu. Alihubiri juu ya karama, kwamba kila mtu amepewa yake na atajibu kwa Mungu aliitumiaje. Alihubiri kwa Kiswahili, na mimi nilimtafsiria kwa Kipsigis, kwa ajili ya wale akina mama wanaovuka mto kutuletea maziwa na ambao siku hizi wanabaki kusali nasi. Wakipsigis wenye Kiswahili wana kanisa lao ng'ambo, kwa hiyo hapa kwetu daraja ni mimi peke yangu. Mchungaji akasema mbele ya watu wote: "Ndugu Mokaya ana karama ya ukalimani." Ilinibidi nitafsiri na hayo. Niliyatafsiri vizuri sana.

Kisha akanisimamisha nieleze habari ya jino langu la mbele lililong'oka, jinsi nilivyopigwa kwa ajili ya Injili. Watu walilia. Hata Kebaso, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, ambaye hakulia alipomzika mkewe, alitoa kitambaa.

Mwishoni mama mmoja wa maziwa, anaitwa Rebeccah, alisimama akasema maneno machache ya shukrani, akaomba tumwombee mwanawe Kipkorir kwa ajili ya ulevi. Tukaomba kwa nguvu. Alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando, tukanywa wote kwa zamu. Kibuyu kimebaki kwangu, kimening'inia msumarini. Nitamrudishia.

Msomee mama barua hii yote, hasa hapo pa karama.

Ndugu yako,
Mokaya

*

Chebunyo
20 Machi 1971

Mokaya ndugu yangu,

Barua yako ilifika Sigor mapema, lakini mwenye duka anayetupokelea barua aliiweka chini ya gunia la chumvi akaisahau wiki tatu. Ndiyo maana pembeni imeliwa kidogo. Salamu zako zilikuwa nzima.

Sisi tuko salama. Jua limekausha malisho, ng'ombe wanatembea mbali kama watu wenye kesi mahakamani. Macho ya mama yamefunga kabisa sasa. Ananijua kwa kikohozi. Nilimsomea barua yako, nikiigeuza kwa Kigusii kama kawaida. Alipenda hapo pa karama, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikamwambia mama, hata karama huchoka.

Habari ya huku ni kwamba jirani yetu Kiptanui amepata mpwa wake kutoka upande wako, amekuja kumchungia ndama. Kijana amesoma hadi kidato cha pili. Ukipita malishoni utamkuta amekaa juu ya jiwe na kitabu, na ndama nao wamesimama wanamtazama kama darasa. Jina lake Kipkorir. Mama yake anauza maziwa kwenye laini za wafanyakazi wa chai, anaitwa Rebeccah.

Wiki jana Kiptanui alikuwa na sherehe. Wazee wote waliuzunguka mtungi wa pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake. Kijana huyu alikaa nje akimenya viazi na wanawake. Nikamtania, "We Kipkorir, mrija wako umeliwa na mchwa?" Akasema hajawahi kuonja. Baba yake alikufa kwa pombe, naye alimwapia kaburini.

Nimefikiri labda huko kwenu kuna akina Rebeccah wawili na akina Kipkorir wawili. Niandikie: yule mama alisema nini hasa? Wewe ndiye uliyemsikia.

Na kibuyu, umerudisha?

Dada yako,
Nyambeki

*

Laini ya Tatu
9 Mei 1971

Dada mpendwa,

Pole kwa kuchelewa. Mvua ya mawe imetupiga mara nne. Mara ya mwisho majani ya chai yalilala chini yote, ungedhani ng'ombe elfu wamepita. Bati la jikoni limetoboka, Bitutu anapika na sufuria mbili, moja ya chakula na moja ya kukinga. Marcella amekuwa wa tatu darasani. Kebaso amenunua koti la mvua linalofika miguuni, na tangu hapo anatembea kama askofu.

Pia nimekatwa kidogo na kisu kidole cha shahada, lakini kimepona, kama unavyouona mwandiko wangu.

Kuhusu lile uliloniuliza. Mambo ya kanisani ni mengi na mtu hawezi kukumbuka kila neno lililosemwa na kila mama. Mkalimani ni kama mfereji wa kuleta maji shambani. Mfereji hauulizwi maji yalikuwa na ladha gani. Kama huyo kijana hanywi, basi Mungu asifiwe, maana yake tuliomba na yakajibiwa.

Kibuyu bado. Mto umejaa.

Kamati imempa Nyakundi kazi ya kufundisha watoto wadogo hapa laini. Kwanza walikuwa wamemwahidi mtu mwingine. Sijui kwa nini nakuandikia hilo, wewe humjui Nyakundi.

Msalimie mama. Mwambie bado natafsiri.

Mokaya

*

Chebunyo
30 Mei 1971

Mokaya,

Mama mzima. Jogoo amekufa.

Nilimwuliza Kipkorir. Sikumwuliza habari za pombe. Nilimwuliza tu kama anamfahamu mtu mmoja wa laini asiye na jino la mbele. Aliacha kukata kamba aliyokuwa anakata. "Huyo ni nani kwako, mama?" Nikasema, "Ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja." Akasema, "Basi sina neno." Akaenda kufunga ndama, na jua lilikuwa bado juu.

Mtu akisema hana neno namna hiyo, ninajua analo na limemjaa mdomo.

Nilimwuliza pia ni nani aliyeahidiwa kufundisha watoto huko kwenu kabla ya Nyakundi. Akasema, "Mimi. Kisha wakasema hawawezi kumpa mlevi watoto wao." Hajui walilitoa wapi neno hilo. Mama yake naye hajamwambia kitu.

Unakumbuka baba alipotuleta hapa Chebunyo kuuza wimbi? Hakujua Kipsigis hata neno la kuomba maji. Wewe ulikuwa na miaka minane, umekiokota kwa watoto wa malishoni, ukawa unasimama kati yake na wanunuzi. Siku moja mzee mmoja alimwambia baba ana tumbo la chura mwenye mimba. Ukamwambia baba hivyohivyo, tumbo la chura mwenye mimba, huku watu wote wanasubiri vita. Baba alicheka hadi akakaa chini. Akasema, "Huyu mtoto hana chujio. Huyu ndiye atakuwa mdomo wangu."

Sitaki habari za mvua.

Nyambeki

*

Laini ya Tatu
18 Julai 1971

Dada,

Hii usimsomee mama.

Nimeanza kuandika mara tano. Karatasi nne Bitutu amewashia moto, na sikumwambia ni za nini. Ya tano ni hii.

Ile siku ya jino ilikuwa Desemba mwaka juzi. Nilivuka mto kwenda kuhubiri nyumba kwa nyumba. Hilo ni kweli. Nilifika kwa Rebeccah nikakuta sherehe, wazee wamezunguka mtungi. Wakanikaribisha kwa heshima, kwa sababu nasema lugha yao. Mtu mmoja akanisogezea mrija. Nikajiambia nitavuta mara moja tu wasione nawadharau. Dada, niliwaheshimu hadi saa kumi.

Basi si uongo wote niliosema kanisani. Nilikuwa nahubiri kweli. Ila nilikuwa nahubiri nimeshika mrija. Nikasimama nikawaambia wale wazee mwisho wa walevi ni wapi, na mfano nikautoa palepale: nikamtaja marehemu mume wa Rebeccah, kwa jina, nikasema sasa hivi yuko motoni anaomba maji na hakuna wa kumpa. Nilisema hivyo nyumbani kwake, mbele ya mjane wake, nimejaa pombe yake. Kipkorir alinipiga mara moja tu. Hakurudia. Wazee wakanishika mkono wakanivusha mto.

Nyumbani Bitutu akauliza, "Nani amekupiga?" Nikasema, "Nilikuwa nahubiri." Nilisimama hapo tu, dada. Yeye na majirani ndio waliomalizia. Jumapili yake nikaitwa mbele, nikakuta hadithi tayari imeshonwa, mimi ni kuivaa tu. Kila nilipoisimulia ilinikaa vizuri zaidi.

Sasa sikia alichosema Rebeccah siku ile ya Mchungaji Momanyi. Nilikumbuka kila neno nilipokuandikia kwamba sikumbuki. Alisema: "Nimekuja kwa ajili ya kijana wangu. Alimpiga mtu wa Mungu nyumbani kwangu. Ni kweli huyu mgeni alikuwa amelewa, na ni kweli alimtukana marehemu, lakini mgeni hapigwi. Ninaomba mtusamehe. Haya ni maziwa, tunywe pamoja tuyamalize."

Alikuja kuomba radhi, dada! Kwa ajili yangu! Na watu wote wamenigeukia mimi, mkalimani mwenye karama, wanasubiri. Mchungaji amenishika bega.

Nikasema: "Mama huyu anashukuru kwa mahubiri. Anaomba tumwombee kijana wake Kipkorir, ni mlevi." Hivyo tu. Niliitoa pombe tumboni mwangu nikaiweka tumboni mwa mtoto wa watu ambaye hajawahi kuionja. Kanisa zima likapiga magoti. Rebeccah alipoona watu wamepiga magoti, akainama naye. Kisha kibuyu kikazunguka. Kilipofika kwangu nilikunywa.

Sikujua walikuwa wamemwahidi kazi ya ualimu. Hilo nililijua baadaye, lakini nilipolijua sikusema.

Sasa nimemwambia Kebaso kwamba koo langu ni bovu na sitatafsiri tena. Wale akina mama bado wanakuja. Wanakaa nyuma wanamtazama mhubiri kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwa jirani. Nafikiri ni bora hivyo. Mtu kama mimi asishike tena kitu cha Mungu.

Na kila asubuhi Rebeccah anakuja mlangoni na maziwa, ananisalimu: "Chamge, Mokaya." Anapima kikombe, kisha anaongeza kidogo juu. Kibuyu chake kiko msumarini nyuma yangu, na mimi nasimama mlangoni hivi, kwa upana, asikione.

Mokaya

*

Chebunyo
15 Agosti 1971

Mokaya mwana wa mama,

Nilipata barua yako saa nne asubuhi na sikupika hadi jioni. Mama akauliza, "Leo tumefunga?" Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa siku.

Sikuandikii kukutukana. Ningekuwa karibu ningekutukana, lakini matusi yakipita Sigor yatakaa chini ya chumvi na kufika yamepoa.

Hilo la koo ndilo lililoniudhi kuliko lile la kwanza. Siku ile uliogopa, na mtu akiogopa ulimi hukimbia wenyewe. Lakini hili la koo umelikalia ukalifikiria. Unaniambia ni unyenyekevu. Yule mtumwa aliyechimba shimo akaifukia talanta ya bwana wake naye alijiona mnyenyekevu, alisema aliogopa. Tunajua aliambiwa nini. Ile lugha hukujinunulia. Ulipewa ukiwa mtoto, nyuma ya ndama, bila hata kuomba. Uliitumia kujificha, na sasa unataka kuificha yenyewe, na wanaokaa gizani ni wale mama nyuma ya kanisa. Hao wamekukosea nini?

Usimwendee Rebeccah kando ya mto ukamnong'oneza. Ulimchafua mtoto wake mbele ya watu, kwa lugha mbili. Simama palepale, useme kwa lugha mbili.

Na mimi nikuambie langu, nisikae juu ya mti nikikuhesabia wewe miiba. Mama anategemea macho yangu. Tangu Mei nimekuwa nikimsomea barua zako kwa kuruka. Ile ya mvua ya mawe nilimsomea mvua tu. Ile ya Julai nilimwambia unaeleza habari za chai. Akasema, "Chai gani inakufanya upumue hivyo?" Kwa hiyo ujue, hata huku kuna mkalimani mwenye chujio. Sitaruka tena. Utakayoandika, mama atayasikia yote. Fikiri kabla ya kuandika, na zaidi ya hapo fikiri kabla ya kutenda.

Kipkorir anamjengea Kiptanui boma. Hajui kwamba ninajua.

Rudisha kibuyu cha watu.

Nyambeki

*

Laini ya Tatu
24 Oktoba 1971

Dada Nyambeki, na mama, maana najua unasikiliza,

Nawasalimu. Bitutu anawasalimu, ingawa kwa sasa anazungumza nami kupitia Marcella. "Mwambie baba yako chakula kiko mezani." Na mimi nimekaa hapo hapo mezani. Sasa nyumba yetu nayo ina mkalimani.

Barua yako ilinikuta mwanzo wa Septemba. Jumapili nne zilipita, na kila moja nilikuwa na sababu. Ya nne sababu yangu ilikuwa kwamba kiatu kimeloa. Nilipojisikia nikijiambia hivyo, nikaona aibu ya kiatu kuliko ya yale mengine.

Basi tarehe tatu Oktoba nilikitoa kibuyu msumarini nikaenda nacho. Nilimwomba Kebaso nafasi baada ya mahubiri. Akafurahi, "Koo limepona!" Akatangaza kwamba ndugu yetu ana ushuhuda. Watu wakajiweka sawa, wale wenye vitambaa wakavitoa. Walidhani ni jino.

Nilianza kwa Kipsigis, nikimtazama Rebeccah, kisha nikajitafsiria mwenyewe kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi. Ni kazi ngumu kumtafsiria mwongo, hasa akiwa ni wewe. Unajua mahali atakapotaka kukwepa. Nilisema mrija. Nilisema nilivyolewa. Nilisema yale niliyosema juu ya marehemu mumewe, kwamba yuko motoni anaomba maji, nikamtaja kwa jina kama nilivyomtaja siku ile, ili lisibaki hata moja. Nilisema kijana hanywi na hajawahi. Nyuma mtu mmoja alicheka, nadhani ni hapo pa mrija. Kebaso alikunja kitambaa chake kidogo kidogo hadi kikatosha kiganjani.

Nilipomaliza, Rebeccah akasimama. Akaanza kusema, na watu wote wakanigeukia mimi. Dada, hapo ndipo nilipojua Mungu naye ana mzaha wake. Hakukuwa na mwingine wa kutafsiri.

Akasema, nami nikatafsiri: "Nimeuza maziwa katika laini hizi miaka tisa. Kiswahili sikijui, lakini neno mlevi nalijua. Nalisikia hapa kila mwisho wa mwezi."

Watu wakacheka. Akangoja wamalize, nami nikangoja.

"Siku ile nililisikia neno hilo na jina la mwanangu pamoja. Nilitaka kuuliza. Lakini ningemwuliza nani? Mdomo wangu ulikuwa wewe."

Nikatafsiri.

"Nikasema huyu mtu ana aibu, nimwache atafute njia. Kila asubuhi nilileta maziwa nikakutazama kama leo utafungua mdomo. Ulikuwa unafungua kunywa tu."

Nikatafsiri. Hakuna aliyecheka.

"Kijana wangu alikupiga mara moja. Wewe umempiga miezi minane."

Hilo lilinichukua muda, lakini nililisema, na sikupunguza mwezi hata mmoja.

Kebaso akaniuliza, "Je, amesamehe au hajasamehe? Tuandike." Nikamwuliza. Rebeccah akajibu: "Mimi nimechoka kukasirika tangu Aprili. Lakini jina si langu, ni la mwanangu. Yeye ndiye wa kusema." Kisha akanyoosha mkono. "Sasa nipe kibuyu changu." Nikampa. Akakifungua, akakinusa, akakunja uso. "Kinanuka masizi ya kwako." Akauliza kwa nini nimekileta kitupu, kama mtu asiye na mama. Nimewatafsiria na hilo. Samahani mama.

Kamati imeniondoa mimbarini miezi sita. Ni haki. Lakini Jumapili iliyofuata Rebeccah alikataa kukaa. Alisimama nyuma na wenzake, mahubiri yakashindwa kuanza. Wakaniita nimwulize anataka nini. Akasema, "Mwambie yule wa koti refu kwamba huyu amekosa, sisi hatujakosa. Sisi tutasikiaje?" Kwa hiyo sasa nakaa benchi la nyuma kati yao, nanong'ona. Hakuna anayeniona, ila jirani yangu wa kushoto ananipiga kiwiko nikipitwa na neno.

Kazi ya ualimu Nyakundi anayo na hawawezi kumfukuza kwa kosa langu. Kebaso amemwandikia Kipkorir barua ya kamati, iko ndani ya hii. Ni barua fupi na haina maneno mazuri, lakini ina muhuri. Mimi sijui nimwandikie nini. Mpe hii yangu aisome, kama atataka.

Mokaya

*

Chebunyo
7 Novemba 1971

Mokaya,

Mvua imeshika huku, ng'ombe wamerudi karibu. Mama anakula vizuri. Nimenunua jogoo mwingine, ana macho mawili lakini hana akili.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nilimwita Kipkorir, nikampa kwanza ile yenye muhuri. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja akaitia mfukoni. Kisha nikampa yako. Aliisoma kimya mpaka mwisho, mara mbili. Nilichambua maharagwe yaliyokwisha kuchambuliwa.

Mama akasema kutoka ndani, "Nasikia karatasi. Ni ya Mokaya? Nisomeeni." Nilikuwa nimekuahidi sitaruka tena, na nilikuwa nimejiandaa. Lakini Kipkorir akanitangulia. "Mama, nipe mimi nimsomee kogo." Ndivyo anavyomwita mama, kogo, kama bibi yake mzaa baba. Unajua mama anakisikia Kipsigis kama mtu aliyezaliwa nacho.

Akaketi miguuni pake, akasoma kwa Kiswahili polepole na kumgeuzia kila sentensi. Anatafsiri vizuri, Mokaya. Hapambi. Hapo pa Bitutu na Marcella, mama alicheka. Koo na kiatu, alitikisa kichwa. Mrija, akafunika uso. Ulivyolewa, alisoma. Kwamba umempiga yeye miezi minane, alisoma bila kuinua sauti. Kibuyu kitupu, mama akasema, "Kweli, nilimfundisha hivyo?"

Mama akauliza, "Kosa lake ndilo hilo? Alikunywa, akamsingizia mwenzake?"

Kipkorir akaitazama karatasi. Akasema, "Ni hilo tu, kogo."

"Hakuna lingine?"

"Hakuna."

Mimi nilikuwa mlangoni na barua ile ninaijua. Sikumsahihisha.

Mama akamshika kichwa akauliza yeye ni mtoto wa nani, mbona anasoma vizuri hivi. Kijana akamtajia jina la mama yake. Halafu akamtajia la baba yake. Mama akasema, "Mungu amlaze pema." Kijana akasema, "Amina." Akanirudishia barua imekunjwa vilevile ulivyoikunja.

Alipokuwa anaondoka aliniuliza Desemba kuvuka mto huo wa kwenu kukoje, kama maji yanapungua. Anakwenda kumwona mama yake. Amesema atapita Laini ya Tatu. Hakusema kufanya nini.

Mstari alioruka unaujua, ni ule wa anayeomba maji. Akija mlangoni kwako, usisimame kwa upana.

Nyambeki